Bei ya Chini

Nimeuliza jedwali, Amu, duka la Langoni:
kila bidhaa, ya ghali iache; nipe ya chini.
Bei ikaja kamili, mwenye bei simuoni;
mchele mia na mbili: wa Famau, au nani?

Nikaliunga lenyewe kwa lenyewe, nikangoja;
kila bei na mwenyewe zikapangika pamoja.
Ila halwa, mwenzangu we, yasoma sifuri moja!
Nikataka niitowe, nikakumbuka faraja.

Somoe wa Mkomani alileta kilo tatu
siku ya tanga, nyumbani, tulipozika babetu.
Nikauliza thamani. “Andika,” kasema, “si kitu.”
Naiacha mstarini, juu ya bei za watu.