Jumanne Mbili

Jumanne ya kwanza walikuja na theluji viatuni,
ishirini na saba, wote chini ya miaka ishirini na tano,
wakaacha madimbwi madogo mlangoni pa maabara, hapa Oulu.
Kazi yangu ni kupangusa sakafu, kisha kusema:
"Simama nyuma ya mstari mwekundu. Taa ikiwaka, iguse."

Taa huwaka kushoto. Juu. Kushoto tena.
Mkono huruka kabla jina la upande halijafika akilini.
Touko, mlinda lango wa hoki, hugusa kama anayeua mbu.
Saimi hugusa kama anayejaribu joto la pasi
kwa kidole kilicholambwa.
Mashine haioni tofauti. Inahesabu milisekunde,
inatema namba, nami nainakili kwa penseli,
maana Daktari Hilkka haiamini kompyuta isiyo na shahidi.

Na shahidi mwenyewe, anasema,
asipoulizwa mara mbili
utajuaje kama hakubahatisha?

Basi Jumanne ya pili. Saa ileile, taa zilezile,
mstari uleule umeanza kubanduka pembeni.
Touko kapanda pointi saba. Akacheka,
akaninyooshea ngumi tugonge.
Sikujua nampongeza nani: jicho lake,
au mkono ulioizoea mashine
kama mgeni anavyoizoea swichi ya choo gizani.

Saimi kashuka. Kumi na moja.
Niliandika. Sikuuliza.
Akifunga skafu alisema, kwa sauti ya kutaja hali ya hewa,
kwamba mbwa wao Nappi alizikwa Jumapili,
ardhi imeganda, baba akachimba kwa shoka.
Kwenye fomu hakuna kisanduku cha shoka.
Kuna: usingizi, saa ngapi. Kahawa, vikombe vingapi.

Jioni Hilkka alipiga hesabu zake, miwani kwenye paji la uso.
Kutenganisha kijivu na kijivu: kipimo kimerudia neno lake.
Kuhamisha jicho, karibu, mbali, karibu: nusunusu.
Kukimbiza taa kwa mkono: kinayumba.
"Tungewapa siku moja ya kuzoea kwanza," alisema,
akakata mstari juu ya wiki mbili za kazi yetu,
taratibu, kwa rula.

Alipoondoka nilizima taa za dari
nikasimama mimi nyuma ya mstari.
Hamsini na nne.
Nikarudia: sitini.
Nikarudia, nikijua sasa: hamsini na mbili.
Watu watatu ndani ya koti moja jeupe,
na sidhani kuna aliyedanganya.

Niliziandika zote tatu pembeni mwa daftari,
pasipo jina.
Kisha nikachukua kitambaa. Madimbwi yalikuwa bado mlangoni,
na la Saimi lilijulikana, dogo,
lenye unyoya mmoja wa kahawia ulioletwa na kiatu.
Nikapangusa yote. Lile nikaliacha mpaka mwisho.