Msasa

Tajiri Mugoyela kanipa ndoo sita za rangi ya maziwa
na maneno machache: Funika vyote. Jumamosi nafungua.
Litakuwa duka la majokofu, hapa Nansio, mkabala na gati.
Bado watu huliita Kanisani,
hata wale ambao baba zao hawakulisikia kengele.

Nikaanza kukwangua.

Kwanza kijani cha ghala la dagaa.
Miaka tisa tangu gunia la mwisho litoke,
ila msasa ulipopita mara mbili tu
paka wa jirani akaja, akakaa kizingitini, akasubiri.

Chini ya kijani, chokaa. Ba be bi bo bu,
mkaa wa mwalimu wa kisomo cha watu wazima,
na chini kabisa, usawa wa mtu aliyeketi sakafuni,
NYANJURA.
Simjui. Ila N yake ya kwanza imegeuka,
imefutwa kwa kidole cha mate,
imeandikwa tena, imegeuka vilevile.

Nikapanda ngazi. Huko juu nyufa zimejaa pamba:
enzi za ushirika walishindilia hadi kwenye kenchi.
Nikapuliza. Kufika saa nne asubuhi
nilikuwa mzee, mvi hadi kwenye kope.

Halafu buluu.
Nikaacha msasa, nikatumia kitambaa kibichi.
Vazi. Mkono ulioinuliwa, vidole vinne;
cha tano kiliondoka na msumari wa mizani.
Mtakatifu gani, sijui, maana uso hana:
hapo ndipo walipotoboa dirisha la kupokelea marobota.

Nami nimesimama namtafuta,
mara uso ukatokea, umefungwa kanga, una jasho,
beseni la maandazi kichwani.
"Fundi, hayo majokofu yanakuja lini?
Na wanakopesha?"
Mkono wa buluu ukiwa umeinuliwa chini yake
kana kwamba ndiye aliyeuliza.
Nikamjibu Jumamosi. Kuhusu mkopo nikanyamaza.

Nimepaka. Kazi ni kazi, na watoto wanakula.
Lakini pale litakaposimama jokofu kubwa kuliko yote,
nyuma, pasipofika ufagio,
sikupaka.

Jioni tajiri kakagua, kapapasa, karidhika.
Ila ndoo moja haijafunguliwa, kwa nini?
Ukuta huu, bosi, nikamwambia,
haunywi tena. Umeshiba.