Jibu kwa Mcha, Aliye Kwenye Theluji

Mcha, nimeisikiliza sauti yako mara tatu
nimekalia mpini wa beleshi, hapa Donge, ukingoni mwa shimo.
Unasema huko mlimani, kabla hamjakanyaga mteremko,
mkuu wenu huchimba kishimo, akaisoma theluji
tabaka kwa tabaka, kama anayefunua kanga sandukuni:
ya juu ngumu, ya chini imeoza,
na hapo ndipo mlima unapovunja ahadi.

Nimecheka, ndugu yangu. Si kwa dharau.
Mchanga nao una matabaka.
Juu udongo mwekundu ulioshikwa na mizizi ya mihogo,
kati mchanga wa rangi ya hina, mbichi, unaojidai ukuta,
chini ule mweupe, tunaoupenda
kwa sababu mafundi wa mjini wanaulipia zaidi.
Basi tunakula chini. Juu panabaki pananing'inia.

Unasema mnapita mmoja mmoja, wengine wakitazama.
Sisi tulikuwa watano, lori linanguruma,
mvua ya vuli imenyesha usiku, saa mbili tu,
na Pandu aliuona ufa, mwembamba kama uzi wa kofia,
akasema, "Tumalizie hili."

Haukulia. Watu hudhani huanguka kwa kishindo.
Ulipumua tu, puu, kama gunia linalotuliwa,
na aliposimama Ussi pakawa tambarare.

Nyinyi mna kidude kifuani kinachoita kutoka chini.
Sisi tulipiga simu yake.
Ikaita! Wallahi, ile kaswida aliyoiweka.
Dereva akazima lori. Tukanyamaza, tukatega sikio,
kisha tukageuka wote kwa pamoja:
shati lake, kwenye kichaka cha mpera,
mfuko unawaka mwanga.

Tukachimba kwa mikono, kwa kukisia.
Tulimpata alasiri.
Mengine sikuweza kuyasema kwa sauti, ndiyo maana naandika.

Sasa hashuki mtu simu ikiwa nje.
Mwanahawa, mjane wake, ametushonea mifuko ya ndani
kwa kitambaa cha suruali zake,
na bei hakututajia.
Ukionekana ufa tunatoka, hata lori lipige honi.
Mara nyingi tunatoka.

Nifupishe. Dereva keshaanza honi yake,
na pale ukutani, juu ya kichwa cha Pandu,
sijui, pana mstari,
au ni kivuli cha waya wa umeme.