Mbwa wa Vitone

Erie, Pennsylvania, baridi ya themanini na saba.
Theluji imepanda hadi kizingiti cha dirisha
na Corinne, magoti chini ya blanketi,
anazungusha vifundo viwili vyeupe:
cha kushoto, mstari unakwenda ubavuni,
cha kulia, unapanda, unashuka.
Mshazari hauna kifundo. Mshazari unautafuta
kwa mikono miwili inayosikizana,
na yangu haikusikizana kamwe.

Kioo cha kijivu, rangi ya maji yaliyooshewa vyombo.
Vitone vyeusi, kila kimoja punje ya ulezi.
Kumbukumbu yake picha kumi na mbili, basi.
Ukiitaka ya kumi na tatu, ufute moja.

Akamchora Burek, mbwa wetu, anaruka ua.
Picha ya kwanza amekaa.
Ya nne anajikunja kama ngumi.
Ya saba, hewani.
"Akishavuka anakwenda wapi?"
"Bonyeza tena, atarudi."
Kibao kikalia tiki, tiki, na kweli akarudi.

Machi, baba akahamia Tucson na sanduku lake la zana.
Corinne akaenda naye.
Hakuniaga. Nilikikuta kibao juu ya mto wangu,
kimewashwa.

"Betri hizo zimechoka," mama alisema, "zitoe
kabla hazijavuja."
Nizitoe vipi? Ukizitoa tu
kumbukumbu inakwenda, maji kwenye pakacha.
Nikazificha betri kwa kukilalia.
Vitone vikaanza kufifia; ukungu
ukamshika Burek miguuni, ukapanda.

Basi usiku mmoja, daftari la hesabu, lile la miraba,
tochi mdomoni:
mstari wa tisa, kitone cha kumi na moja, jaza.
Cha kumi na mbili, jaza. Cha kumi na tatu, acha.
Nilinakili hadi picha ya nane.
Kwenye ya tisa kioo kilipiga kope mara moja,
kikalala.

Krismasi iliyopita nilimwuliza kwa simu
Burek alitua kwa mguu upi.
"Burek?" Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Yule alikuwa na nyonga mbovu.
Hata ngazi za baraza tulimbeba."

Karatasi nane, nimezishona kwa uzi wa viatu.
Nikizipeperusha kwa kidole gumba
anainuka, anajikunja, anaiacha ardhi,
na hapo karatasi zinaisha.
Hajatua.