Upande wa Pili wa Santuri

Jina lililochapwa ni la Lemuel Gadsden,
wino wa dhahabu uliokwisha kufubaa.
Chini yake, kwa herufi za sisimizi: na Wenzake Watano.
Mmoja wa hao wenzake alikuwa baba.

Ninaiweka. Kwanza sindano inakwaruza,
mvua ya mchanga juu ya bati,
kisha mkono wa kushoto wa Gadsden unashuka,
dum kule chini, cha huku juu,
dum, cha, dum, cha,
kama mama akipanda ngazi zetu za Harlem, ghorofa ya tano,
ndoo ya makaa mkono huu, mimi mkono ule,
asimwage, asikawie;
na mkono wa kuume umeshapotea njia makusudi,
unachekacheka, unagonga milango ya watu,
unaomba chumvi na hauingii.

Baba alinihadithia mara moja tu, akinyoa ndevu.
Machi, mwaka wa ishirini na tatu,
chumba juu ya ghala la kofia, ng'ambo ya mto, Jersey.
Mikrofoni hakuna. Pembe moja ya bati
imetoka ukutani kama shingo ya bata bukini mwenye hasira.
Piano waliipandisha juu ya makreti,
wakaibandua ubao wa mgongoni, ikabaki uchi.
Orrin wa klarineti aliketi karibu, magoti yakigusa pembe.
Dupree wa tarumbeta walimsogeza, wakamsogeza,
hadi akapigia mlangoni, uso kaupa ukuta,
maana pumzi zake zilikuwa za garimoshi.

Na ngoma kubwa ya baba,
aliyoibeba mgongoni kwa feri na kwa miguu,
fundi aliitazama, akatikisa kichwa:
"Hiyo ikilia, sindano inaruka.
Nta ikiharibika, nani atalipa?"
Ikafunikwa blanketi, ikalazwa ukumbini
kama maiti asiye na ndugu.
Baba akapewa kibao cha mti, na kijiti.

Kibao!
Mtu aliyetikisa sakafu kwenye karamu za kodi,
senti ishirini na tano mlangoni,
miguu ya nguruwe ikitokota jikoni,
hadi jirani wa chini akagonga dari kwa ufagio
na ufagio wenyewe ukanaswa na mdundo,
ukashindwa kulalamika.

Dakika tatu, wakaambiwa. Mkono wa fundi ukishuka, malizeni.
Gadsden, ambaye wimbo mmoja aliupiga
mpaka kodi ya mwenye nyumba itimie,
aliukunja kama shati la safari
na bado kola ikatokeza.
Baba alilipwa dola tano. Akaninunulia viatu.
Vilinibana, sikusema.

Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo watu wasemavyo.
Lakini yeye alikuwapo!
Juzi alikuja mkusanyaji wa santuri, bwana mwenye skafu,
akasikiliza amefumba macho, akaandika kwenye daftari:
piano, klarineti, tarumbeta, tromboni, banjo.
"Mpiga ngoma hapa hayupo, mama."
Nikamwongezea kahawa.
Sikumgeuzia upande wa pili.

Ameondoka. Ninageuza.
Huku wanakimbizana, Orrin anapaa, banjo inatafuna,
kibao kimemezwa, sikisikii, sijawahi kukisikia.
Nangoja mwisho.
Gadsden ameshabonyeza sauti yake ya kufungia,
mkono wa fundi umeshashuka,
wote wamezuia pumzi ili nta inywe kimya,
na hapo:

ko.

Moja. Kavu. Imechelewa.

Fundi alitukana, akatafuta nta nyingine,
nta nyingine haikuwapo.
Baba aliniapia kwamba kijiti kilimponyoka.
Aliapa akijitazama kiooni, povu la sabuni kidevuni,
kisha akaukung'uta wembe
kwenye ukingo wa beseni,
mara moja tu.