Mara ya Mwisho Kuonekana

Saa tano usiku, Limbani, Wete.
Feni inazunguka kwa kusuasua,
Tukuza imebaki yuniti tatu,
nami nafungua ramani.

Kwanza hutoka vitone, kimoja kimoja,
kama unga ulionyunyizwa juu ya sinia jeusi.
Kisha majina.
Kisha mistari myembamba, njia za baina ya nyota na nyota,
na namba ndogo chini ya kila sayari:
watu wangapi, chuma kiasi gani, chakula cha siku ngapi.

Majina tuliyatoa sisi, mimi na Shaame,
usiku ule wa kwanza, kwa vicheko, mpaka jirani akagonga ukuta.
Jua jekundu tukaliita Konde.
Sayari isiyo na hewa, Ofisi ya Ardhi.
Ile yenye pete tatu tukaiita Bi Mize,
maana naye zake hazivui hata akikanda unga.
Na penye madini kuliko pote, pasipofikika,
tukapaita Mwakani.

"Bikombo!" Mama, toka jikoni. "Vyombo!"

Ninavyo, Mama.
Ninavyo mia mbili na kumi na vinne.
Arubaini vya kubeba maji, sita vya vita,
na kimoja kibovu kinachouzunguka mwezi wa Bi Mize
kikingojea kipuri.
Simwambii hayo. Nasema, "Nakuja."

Ramani hii ina tabia yake.
Jicho linapofika, pana mwanga.
Ulipopita ukaondoka, hubaki rangi ya majivu:
unakiona kitu kama ulivyokiacha,
si kama kilivyo.

Shaame ni kijani.
Nyota kumi na saba, pembe ya kaskazini,
na vyombo tisa vimejipanga safu karibu na Mwakani,
pua zimeelekea huku kwangu.
Sikujua kama anakuja kunipiga
au anarudi.

Tunacheza kwa zamu. Kutoka Maskati
zamu yake ilifika kila Ijumaa, akitoka kazini,
na neno moja chini yake: "Jihadhari."
Au, "Nimeshiba."
Mara moja, picha ya kiatu chake, basi.
Ya mwisho ilikuja Mfunguo Tano.
Leo Mfunguo Nane unaandama.
Siwezi kusogeza hata chombo kimoja asiposogeza yeye,
kwa hiyo natazama tu. Nakuza, napunguza.
Kando ya vyombo vyake, kwa herufi za mchwa:
*mara ya mwisho kuonekana, zamu ya 212.*

Kila usiku, kabla ya kunifungia, mchezo huniuliza swali lile lile.
Kila usiku naizima kompyuta bila ya kujibu.

Leo Mama kaja na mikono yake ya povu,
kasimama nyuma ya kiti.
"Vyote hivi vyenu? Na taa zake analipa nani?"
Kisha akanyamaza. Akasogea.
Akasoma polepole, kama asomavyo risiti ya duka:
*Mchezaji wa kijani hayupo.
Nafasi yake ichukuliwe na mashine?*

"Nani kasema hayupo?"

"Ni mchezo, Mama."

"Nakuuliza, nani kasema?"

Akajifuta kidole kwa upindo wa kanga,
kidole kimoja tu, kwa makini.
"Wapi pa kukataa?"
Nikamwonesha.
Akabonyeza kwa nguvu, kama mtu anayebandua gome,
akangoja kuona kama patatokea neno.

Halikutokea. Nyota zilikuwa pale pale.

Akarudi jikoni, na nikasikia maji,
kisha sahani juu ya sahani:
anaviosha mwenyewe, vyote,
na cha Shaame, kikombe chake cha bati.