Chama Kisicho na Chama

Jumanne ya pili ya mwezi, theluji ianguke isianguke,
tunakutana chini ya maktaba ya Mellen Rapids:
viti kumi na vinne, birika la kahawa chungu,
na Ottilie Brandvold akituhesabu kwa kidole
kama alivyohesabu wanafunzi wake wa kemia.
Mgeni huuliza, "Ninyi ni chama gani?"
Chama kisicho na chama.
Hucheka, kisha huangaza ukutani akitafuta rangi yetu.
Ukutani kuna kalenda, na ramani ya mabomba.

Ramani ndiyo iliyotutia kazini.
Mtaa wa Tannery, nyumba za waliokuwa vibarua wa kiwanda cha karatasi,
mabomba yake ni ya risasi,
yalifukiwa kabla bibi zetu hawajaolewa.
Risasi, neno lilelile la bunduki,
ila hii haina mlio.
Huingia kwenye chupa ya mtoto, ikatulia,
na baada ya miaka sita mwalimu anaandika: mzembe.

Miezi kumi na minne hatukusema neno hadharani.
"Tusome kwanza," alisema Ottilie,
"hasira isiyo na hesabu ni moshi tu."
Pa Nhia Vang alibisha hodi milango mia mbili na sita.
Lorenz, fundi bomba, alituletea kipande kilichokatwa,
kizito kama deni,
tukapokezana mezani, kisha tukanawa mikono.
Gudrun alisema kodi itapanda, na hakukosea.
Tuligombana mpaka hoja zikachoka kabla yetu.
Barua iliandikwa mara tisa.
Neno "lazima" lilitoka, likarudi, likatoka, likarudi.

Oktoba akaja mgombea na maandazi na mabango.
"Niungeni mkono, nami Tannery nitaichimba."
Tulimpa kiti, tukampa kahawa,
tukampa maswali yaleyale tuliyompa mpinzani wake,
tukamrudishia mabango yake mlangoni.
Usiku ule Pa Nhia, ambaye kaka yake anapanga Tannery,
alitembea nami hadi darajani bila neno.
Hatimaye: "Usafi wenu huu, anaunywa nani?"
Sikuwa na jibu.
Hata leo ninalo nusu.

Baraza la mji humpa mwananchi dakika tatu.
Taa ya kijani, ya njano, nyekundu, keti.
Pa Nhia alikuwa na karatasi yetu, akaikunja.
"Kila alfajiri kaka yangu hufungua koki
na kusimama dakika tatu, maji yaliyolala bombani yatoke,
ndipo amkorogee mtoto maziwa.
Dakika mlizonipa ni hizo hizo.
Sikilizeni."
Akanyamaza.
Diwani mmoja alikohoa. Kipasha joto kiligonga ukutani.
Mwenyekiti alishika nyundo yake, akaiweka chini.
Sijui kitu kirefu kuliko ile taa ya kijani.
Ilipowaka nyekundu, aliketi,
na Ottilie akasimama na hesabu zake, senti kwa senti,
maana kimya hakijazi fomu ya bajeti.

Nne kwa tatu.
Mji utalipa hadi ukuta wa nyumba, si hadi uzio tu,
kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji,
Tannery kwanza, ardhi ikiyeyuka.
Walikuwa upande gani wale wanne?
Mimi ndiye mshika daftari. Niliandika majina,
rangi sikuandika.
Wala sikuandika kwamba Gudrun alilia,
yeye aliyehofia kodi.

Aprili, katapila lilipoanza kunguruma,
sisi tulikuwa chini ya maktaba
tukibishana kuhusu basi la Jumapili.
Ottilie aliosha vikombe.
Bomba la maktaba ni la shaba, jipya, alilipima mwenyewe,
lakini alifungua koki, akasimama,
akaacha maji yakimbie.
"Mazoea," alisema, akitazama saa.